Kabla Leseni Yangu Haijavuka Mpaka

Wauguzi wenzangu, siku ya kuniaga mlinipa blanketi na chupa ya chai, mkaninyooshea na maikrofoni, nami nikaikataa. Mstaafu akishika maikrofoni huanza kutaja vyeo vyake, na watu wana njaa. Lakini mmoja wenu, yule Sista mgeni ambaye mumewe ni mwanajeshi na anahamishiwa nchi nyingine, alinifuata hadi getini akaniuliza, "Mama, ukihama na mume, leseni ya kazi inakuwaje?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Jibu refu ndilo hili. Mkishasoma msije kwangu kuniuliza kama ni kweli. Mimi ni mkunga, si mchungaji.

Nilizaliwa upande wa Uganda, Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Lugha yetu na Kikipsigis cha huku Kenya ni ndugu. Tunaelewana vizuri, lakini nikifungua tu mdomo sokoni Merigi kila mtu anajua huyu katoka ng'ambo ya mlima. Nilisomea ukunga kwetu, nikazalisha wanawake huko miaka mingi, kisha nikakutana na mwanajeshi wa Kenya aliyekuja soko la mpakani kutafuta ng'ombe wa kununua. Ng'ombe hakupata. Akanioa, akanileta kwa mama yake huku Merigi, akakaa mpaka mahindi yakaota, halafu jeshi likampeleka nchi ya mbali kulinda amani ya watu wengine. Amani ya nyumba yake akaniachia mimi.

Sasa sikilizeni, nyinyi mnaoolewa na magwanda. Mume huvuka mpaka na begi moja mgongoni. Leseni haivuki. Ile yangu ya Uganda ilikuwa halali kabisa, na huku ilikuwa karatasi ya kufungia sukari. Ilibidi baraza la wauguzi la kule liwaandikie wenzao wa huku kwamba mimi ni mkunga mwenye sifa njema, wa huku nao wapitie masomo yangu, nifanye kazi chini ya usimamizi, nihojiwe, ndipo nisajiliwe. Kwa hiyo ushauri wa kwanza: iombe hiyo barua ya sifa njema kabla hujaondoka, wakati bado wanaiona sura yako. Ukishahama wanakusahau upesi ajabu. Na vyeti vyako viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye lori pamoja na viti na kuku.

Zahanati waliyonipeleka nifanyie hiyo kazi ya usimamizi ilikuwa pembeni kabisa mwa mashamba ya chai. Chai ilianzia chini ya dirisha la chumba cha kujifungulia ikateremka hadi mtoni. Asubuhi nyingi ukungu ulipanda kutoka huko chini, ukafika dirishani, ukasimama hapo. Usione mti, usione choo. Ulisikia tu wachumaji wakizungumza ndani yake, na huwezi kujua kama mtu yuko hatua tano au upande wa pili wa bonde.

Msimamizi alikuwa Sista Wangari, Mkikuyu ambaye wazazi wake walikuja huku zamani kufungua duka. Alizungumza Kikipsigis kunishinda mimi niliyekulia lugha iliyo binamu yake. Siku ya kwanza alinipa yunifomu nyeupe, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Skiza, mama. Utachemsha vyombo, utapima watoto, utakata bandeji. Lakini mama akiwa na uchungu, hiyo mikono yako iweke nyuma. Ukimgusa mtu kabla hiyo karatasi ije, wataifunga faili yako, na yangu pia wataifunga."

"Na mtoto akianza kutoka na wewe uko chooni?"

"Utaniita. Sauti uko nayo, nimeiskia."

Basi nikawa nasimama kwenye kona ya chumba nimefunga mikono nyuma kama mtoto wa shule aliyechelewa. Iliniuma. Nilikuwa nikimwona mama anasukuma vibaya, mikono inaniwasha, na Wangari akinikata jicho. Nilijifunza mengi lakini. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba huku humwulizi mama kavukavu ana watoto wangapi, maana watu hawahesabiwi kama mbuzi. Unauliza majina yao, halafu unahesabu mwenyewe kimoyomoyo. Nami nilimfundisha kukipasha moto kile kipembe cha mti cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Kiweke kwapani kidogo kabla hujakigusisha ngozi ya mtu. Vyombo vya kisasa haviwaondolei kazi hii: ile gel ya kupaka tumboni nayo ni baridi, ipasheni.

Mvua ndefu zilikuwa zimeshika ndipo alipokuja mama mmoja kijana, Chepkirui, kuchanjisha mtoto mchanga. Alipita foleni yote, akaja moja kwa moja kwangu akicheka.

"Sista, nimekuletea mtoto wako umwone."

"Mtoto wangu? Kutoka wapi?"

"Aki Sista, umesahau? Si wewe ndio ulimtoa. Pale kwa majani chai, juu ya mto. Ukungu ilikuwa mob, huoni hata mkono wako, niliita wenzangu hawanisikii. Ukatokea tu."

Nikacheka, nikadhani ni utani. Nikageuka nimwambie Wangari na yeye acheke. Wangari alikuwa amemfunua mtoto na hachekeshwi na chochote. Kitovu kilikuwa kimefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea, fundo moja, kisha uzi umezungushwa nyuma na kufungwa tena. Nilifundishwa kufunga hivyo, huko kwetu, mahali ambapo vibanio vya plastiki vilikuwa vikiisha kabla ya mwezi kuisha. Sijawahi kumwona mtu wa huku akifunga hivyo.

"Ulimwona sura?" Wangari akamwuliza.

"Sista, nilikuwa naumwa, ningeangalia sura? Nguo nyeupe. Na ile kuongea ya kwao." Akanionyesha kwa mdomo. "Mikono tu ndio ilinishtua. Baridi!"

Alipoondoka, Wangari alifunga mlango. "Niambie ukweli sasa hivi, nijue vile nitajitetea."

"Haki ya Mungu, sijamgusa."

Aliniamini nusu. Nusu nyingine ilipotea alipokuja wa pili, kisha wa tatu. Wote walikuwa wachumaji wa chai, wote walishikwa na uchungu peke yao kwenye ukungu mchana kweupe, na wote walizalishwa na Sista wa nguo nyeupe anayezungumza kama mtu wa ng'ambo ya mlima. Watoto walikuwa wazima, mama zao wasafi, vitovu vimefungwa kwa uzi mweusi. Kazi nzuri. Ningekuwa mkaguzi ningeipa alama za juu, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi: nilikuwa naitazama kazi yangu mwenyewe na sikuifanya.

Sokoni wanawake walianza kuniletea maziwa na mayai. Nikikataa wananicheka, "Wacha aibu, Sista." Mkae mkijua kwamba kuzalisha bila leseni si mchezo. Hiyo habari ikifika kwa wakubwa nimekwisha, nchi hii na ile niliyotoka, kwa sababu mabaraza huandikiana. Na nikiacha kuwa mkunga nilikuwa nani pale Merigi? Mke wa mtu asiyekuwepo, mgeni wa kukamua ng'ombe wa mama mkwe. Niliwapenda hao ng'ombe, lakini sikusoma miaka yote hiyo kwa ajili yao.

Kisha siku moja nikasikia kwa masikio yangu. Nilikuwa napita njia ya mkato katikati ya chai kwenda kazini, ukungu umeshuka mpaka kiunoni. Mtu akanisalimia kutoka upande wa kushoto. Si Kikipsigis, lugha ya kwetu kabisa, salamu ya asubuhi anayosalimiwa jirani unayemwona kila siku. Nikaitikia kabla sijafikiri. Nikapiga hatua mbili tatu, nikasimama. Nikageuka. Majani yalikuwa yamelowa umande mzito, na hakuna mstari hata mmoja uliokuwa umepanguswa na nguo ya mtu aliyepita. Nilifika kazini nikitetemeka, Wangari akadhani ni malaria.

Jioni hiyo hiyo, tukikamua, nikamwambia mama mkwe wangu. Huyu nilikuwa nimeshazoea kumwita Kogo, kama watoto wa ukoo wanavyomwita bibi. Aliendelea kukamua mpaka chuchu zote zikakauka, hakunitazama.

"Kulikuwa na mwingine kutoka kwenu," akasema. "Mke wa askari pia, boma lile la ng'ambo ya mto. Alikuja na vyeti vyake vya ukunga akaambiwa angoje ruhusa. Alingoja. Akapata mimba akingoja. Siku yake ilipofika aliteremka peke yake kwenye chai akitafuta barabara, apate gari la kumpeleka hospitali Kaplong. Ukungu ulikuwa hivi hivi. Walimpata jioni, yeye na mtoto."

"Aliitwa nani, Kogo?"

"Hatuwataji wafu ovyo. Nenda kalale."

Sikulala. Lakini jina nililijua wiki hiyo hiyo, na si kwa kuuliza. Mnajua desturi ya huku mtoto akizaliwa: wanawake wazee hukusanyika, wakamgusisha mtoto tumbaku ya kunusa puani, wakaita majina ya wafu wa ukoo wa baba yake moja baada ya lingine. Jina ambalo mtoto ataitikia kwa kupiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Wanaiita kurenet. Kogo alikuwa ametoka kuitwa kwa mtoto wa yule mama wa tatu, akarudi amepauka. Waliita majina yote ya ukoo, mtoto anawatazama tu. Wakaita ya ukoo wa mama, jambo lisilofanyika. Kimya. Ndipo bibi mmoja, kwa kuchoka au kwa kitu kingine, akatamka jina la yule mgeni wa ng'ambo ya mto, ambaye si wa damu yao hata kidogo. Mtoto akapiga chafya, na akapiga tena.

"Chebet," Kogo akaniambia, akashika mdomo wake kama aliyelitema. "Na nimesikia wale wawili wa kwanza ilikuwa hivyo hivyo. Kila boma lilificha, likidhani ni aibu yake peke yake."

Mimi ni Mkristo, nilisali. Wangari alisali kwa Kikikuyu, kwa sauti, akinyunyiza dawa ya kusafisha sakafu kwenye kila kona, nadhani kwa hesabu kwamba moja kati ya hizo mbili itafanya kazi. Lakini niliogopa binadamu kuliko huyo Chebet. Na binadamu hawakukawia. Nani alipeleka habari sijui mpaka leo, ila ujumbe ulikuja kwamba mkaguzi wa baraza anakuja kumhoji mgeni anayezalisha watu kwenye chai bila ruhusa.

Alikuja asubuhi ya kliniki ya watoto. Mwanamke wa makamo, mkavu, viatu vya mjini, sauti ya chini ambayo inakufanya usogee karibu uhukumiwe vizuri. Tulimwita Madam. Ukungu ulikuwa umesimama dirishani kama kawaida yake. Aliwaita wale mama watatu ndani, akaniambia nisimame mbele yao.

"Ni huyu?"

Wa pili akasema haraka, "Ndiyo, ni yeye, Mungu ambariki." Alidhani ananisaidia. Wa tatu akasema, "Sauti ni hiyo." Ikawa zamu ya Chepkirui. Alininyooshea mikono, nikampa yangu, akaishika kitambo. Nikamwona anabadilika uso.

"Si huyu," akasema. "Huyu mikono yake iko na joto."

"Huo si ushahidi," Madam akasema kwa upole. "Wawili wamekutambua, dada. Nitakuwa mkweli kwako, sioni kama hii safari yako itaendelea." Akafungua kalamu.  Nilimwona akilini mume wangu akirudi kutoka huko aliko akanikuta nimekaa jikoni, nami nitakaa hapo jikoni mpaka nife. Nikaanza kulia, mbele ya watu, mtu mzima.

Hapo ndipo mchumaji mmoja akaja mbio mlangoni. "Sista! Mwenzetu Joyce ameanguka na uchungu, hapo chini tu! Mtoto anakuja!"

Wangari alikwishachukua mkoba kabla mchumaji hajamaliza kusema. Madam akanishika mkono wa yunifomu, akaukaza. "Wewe utatembea na mimi. Na hutamgusa." Nami nikamfuata. Hakuniachia, hata viatu vyake vilipozama matopeni akavua kimoja akiwa bado amenishika kwa mkono wa pili. Tuliingia kwenye chai watatu kwa mstari, Wangari mbele, ukungu unatupiga usoni kama nguo iliyolowa, tukifuata sauti ya Joyce akilalamika. Kisha sauti ikakoma. Kisha tukasikia mtoto analia.

Tulimkuta Joyce ameketi ameegemea kikapu chake, ametulia, amefunikwa leso. Mtoto alikuwa kifuani, amepanguswa, amefungwa. Kondo la nyuma lilikuwa limewekwa pembeni juu ya majani makubwa, zima, limefunuliwa jinsi mkunga anavyolifunua kuona kama kuna kipande kimebaki ndani. Kitovu kilikuwa kimefungwa uzi mweusi, fundo, na fundo la nyuma. Uzi ulikuwa bado unachuruzika damu.

"Nani amekusaidia?" Madam akauliza.

Joyce akatushangaa. "Si Sista. Ameondoka sasa hivi, akifuata hii njia mlikuja nayo. Hamjapishana?"

Njia ilikuwa moja, nyembamba, chai imebana pande zote mbili. Hatukupishana na mtu. Madam bado alikuwa amenishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vinaingia kwenye nyama.

"Sista gani? Huyu hapa?"

Joyce akanitazama, akatikisa kichwa. Akainua kidole polepole, akaelekeza nyuma ya bega la Madam. "Hapana. Huyo ambaye mmesimama naye."

Sikugeuka. Naapa sikugeuka. Wangari alipiga magoti kwa mtoto akamwita Mungu kwa Kikikuyu, "Ngai, Ngai," mara nyingi. Madam yeye aligeuka. Aliona au hakuona, hakuniambia. Nilichoona mimi ni kwamba alisogea kando kidogo, jinsi unavyompisha mtu kwenye njia nyembamba.

Tuliporudi alikunywa vikombe viwili vya chai ya Wangari bila sukari, na sidhani alijua kwamba haina sukari. Kiatu kimoja hakikupatikana. "Nitaandika kwamba mwombaji alikuwa mkononi mwangu mtoto alipozaliwa," akasema mwishowe. "Hayo mengine sina pa kuyaandika." Akaondoka na slipa za Wangari, na hakuzirudisha kamwe.

Nilihojiwa, nikapita. Leseni ilikuja mvua zilipokatika, na Wangari akaileta mwenyewe mpaka nyumbani ameishika kwa mikono miwili. Kogo aliigusa, akauliza kama hiyo karatasi ndogo ndiyo iliyosumbua hivi watu wazima. Nilicheka mpaka nikalia. Siku iliyofuata niliingia chumba cha kujifungulia na sikusimama kwenye kona.

Kwa miezi hakukuja mama hata mmoja kusema habari za Sista wa kwenye chai. Tukasema yamekwisha, Wangari akatoa sadaka kanisani. Kisha asubuhi moja ya ukungu wakaja kuniita, Wangari akiwa na mama mwingine kwenye kitanda cha kujifungulia. Mchumaji, mimba ya kwanza, amekwama chini karibu na mto, tangu alfajiri. Nilikimbia nikiteleza kwenye matope, mkoba unanigonga, nikijiambia nimechelewa, nimechelewa. Nikamkuta amelala juu ya majani yaliyotandikwa vizuri, amefunikwa miguu. Alikuwa na maumivu makali, lakini hana hofu. Kando yake majani yalikuwa yamelala, kama mtu ameketi hapo muda mrefu.

"Sista, umekawia," akasema.

"Nani amekutandikia?"

"Yule mwingine. Amekaa na mimi tangu asubuhi, amenishika kichwa. Nimemwomba anitoe mtoto, amekataa." Uchungu ukamshika, nikampa mkono, akaubana mpaka ukapita. "Amesema nikungoje wewe. Amesema wewe ndio uko na ruhusa, yeye hawakumpa."

Nilivaa glavu nikiwa nalia, bila hata kuyahisi machozi. Nikapiga magoti pale kwenye majani yaliyolala, nikamwambia asukume.